Rangi Juu ya Rangi Mpaka Mkono Ukarudi

Kama una mfupa unaokuuma kwa ndani, nawe hukuanguka wala hukupigwa, maumivu yamekuja yenyewe yakakaa, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Sitakueleza ugonjwa ule unatoka wapi. Sijui, na waliojua hawakunieleza nikaelewa. Nitakuambia tu jinsi nilivyoishi nao: kungoja barazani, kufungwa vidonda na kufunguliwa, watu wa nyumbani walivyochoka nami na mimi nilivyochoka nao. Tena nitakuambia jinsi nilivyojifunza, katikati ya taabu hiyo, kuchora bibo, tunda la mkorosho, mpaka likawa bibo.

Jina langu Somoe. Nilizaliwa Kilwa Kisiwani, nikaolewa Kivinje na Abdalla, ambaye alikuwa akinunua sandarusi na mtama kwa watu wa Miteja na kuuza mjini. Mimi nilikuwa nikisuka mikeka na misala ya kusalia. Ukindu nilikuwa nikiutia rangi mwenyewe, na misala yangu ilitandikwa katika nyumba nyingi za Kivinje. Tulikuwa na mtoto mmoja wa kike, Sikitu, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kusema maneno yakaeleweka. Mama yake Abdalla, Bi Mafunda, alikuwa akikaa nasi.

Vita vya Maji Maji vilikuwa vimenyamaza upande wetu, lakini njaa ilikuwa haijanyamaza. Watu wa bara walikuwa wakishuka pwani wamebaki macho na mifupa, na mjini penyewe mtu aliyepata uji wa mtama asubuhi alimshukuru Mungu akanyamaza, asije akasikiwa na jirani. Katika masika ya mwaka huo ndipo mkono wangu wa kulia ulipoanza.

Ulianza kama uchovu, kati ya kiwiko na kiganja. Nikadhani ni kusuka. Baada ya siku chache sikuweza kuvuta ukili wa mkeka ukakaza. Ukaja homa, mkono ukavimba, ngozi ikang'aa kama ya bilinganya. Bi Mafunda akaubonyeza kwa kidole gumba, akatazama shimo lililobaki.

"Hili tambazi," akasema. "Limeingia mpaka mfupani."

Akanipika majani, akanikanda, akanifunga. Alifanya yote anayoyafanya mtu mwenye huruma na uzoefu, na mimi nilipiga kelele nyumba nzima. Mwisho mkono ulipasuka wenyewe, ukatoa usaha, homa ikashuka kidogo. Tukadhani tumepona. Lakini tundu lile halikuziba. Kila lilipotaka kuziba, homa ilirudi, na pembeni likapasuka lingine.

Masika yalipokwisha nilikuwa siwezi kusimama. Abdalla na jirani yetu wakanibeba juu ya kitanda mpaka hospitali ya serikali, maana alikuwapo daktari Mdachi aliyesemekana ana mkono mwepesi wa kisu. Watu waliogopa kwenda kule. Mimi nilikuwa nimekwisha kuvuka mahali pa kuogopa.

Baraza ya hospitali ile nitaijua mpaka nife. Ilikuwa ndefu, sakafu ya chokaa, nguzo nyeupe, na benchi moja refu ambalo mbao yake ilikuwa imelainishwa na makalio ya wagonjwa. Wanaume walikaa upande wa lango, wanawake upande wa kisima, na katikati alisimama mfunga vidonda, jina lake Mabruki, na beseni lake. Kila kitu kilinuka dawa ya unga wa manjano. Harufu ile ilikaa kwenye nywele zangu hata nilipokuwa nimeoga.

Daktari aliutazama mkono muda mrefu. Kiswahili chake kilikuwa kifupi lakini kinaeleweka.

"Mkono huu utakuua," akasema. "Nitakata hapa." Akaweka kidole juu ya kiwiko.

Sijui nguvu nilizitoa wapi. Nikasema, "Bwana Daktari, mimi msuka mikeka. Fungua kwanza uone kilichomo. Ukikuta umeoza wote, kata."

Akamtazama Abdalla, kama wanaume wanavyotazamana penye jambo la mwanamke. Abdalla alikuwa amekonda kwa kunibeba na kwa njaa. Akasema, "Mkono ni wake, bwana. Amekwisha kusema."

Neno lile nimelihifadhi. Baadaye tuligombana sana, mimi na Abdalla, na kila tulipogombana nililitoa nikalitazama.

Wakanivutisha dawa ya usingizi. Nilipoamka, kitu cha kwanza nilichofanya ni kugeuza kichwa kutazama kama mkono upo. Ulikuwapo, umefungwa mzito kama mtoto mchanga. Mabruki akanionyesha kwenye kibakuli kipande cha mfupa kilichotolewa, cheupe, kina matundu kama tumbawe lililotupwa na bahari. "Hiki kilikuwa kimekufa ndani yako," akasema. "Daktari anasema ikibaki maiti nyingine, atafungua tena. Ikishindikana, atakata. Usinikasirikie, nimetumwa."

Kipupwe chote nilikaa pale, mwanzo wodini, kisha nikawa natoka nyumbani asubuhi kwenda kufungwa. Tundu lilijazwa kitambaa, na kila siku kitambaa kile kilivutwa. Sitaki kukudanganya kwamba nilikuwa shujaa. Nilimtukana Mabruki kwa Kiswahili na kwa maneno ya Kimatumbi niliyofundishwa na wagonjwa wenzangu. Yeye alikuwa akiitikia, "Ahsante, mama Sikitu, endelea," huku anavuta.

Kilichoniumiza zaidi kilikuwa nyumbani. Sikitu alikuwa akinikimbia. Alisema mama ananuka, na kweli nilikuwa nanuka. Alilala na bibi yake, alilishwa na bibi yake, na alipoanguka alimlilia bibi yake. Vidole vyangu vilikuwa vimekauka vikajikunja nusu, kama vya kuku aliyechinjwa. Sikuweza kufunga kanga kwa mkono ule wala kushika kijiko. Siku moja nikamsikia Bi Mafunda nyuma ya ua akimwambia mwanawe, "Simsemi vibaya mkeo. Lakini nyumba haiwezi kukaa bila mikono. Mimi nimezeeka. Fikiri." Abdalla akachukua kofia yake, akatoka. Kutoka kule kulinikaa kifuani muda mrefu kuliko jibu lolote.

Mzee Faraji nilimkuta barazani mwishoni mwa kipupwe. Alikuwa mtu wa Lindi, amekaa upande wa wanaume, mguu umefungwa na kuwekwa juu ya kigoda. Kazi yake ilikuwa kuwajazia rangi wapima ardhi kwenye ramani zao, na alikuwa amechomwa na kisiki msituni alipofuatana nao. Alikuwa na kopo la bati, na ndani ya kopo kalamu za rangi, zile za mti kama kalamu ya risasi. Kwa kuchoka kukaa, alikuwa akichora nyuma ya ramani zilizoharibika.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia siku moja nikingoja zamu yangu. "Rangi hizo mnazichovya wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Hatuchovyi. Unasugua tu." Akanitazama mkono. "Unaweza kushika?"

"Siwezi kushika kitu."

"Hebu tuone hicho kitu usichoweza kushika."

Akampa Mabruki kalamu ya njano aniletee. Ikaanguka. Nikaiokota kwa kushoto, nikaiweka kwenye kulia, ikaanguka tena. Mabruki, ambaye nilikuwa nimemtukana asubuhi ileile, akachana ukanda wa bendeji, akauzungusha kwenye kalamu mpaka ikawa nene kama mhogo mdogo. Vidole vyangu vilivyojikunja vikaipokea. Nikasugua. Karatasini pakatokea ukungu wa njano, hafifu, kana kwamba karatasi imeona haya.

Nilicheka. Nilikuwa sijacheka tangu masika.

Kitu cha kwanza kukichora kilikuwa bibo, kwa sababu msimu wa korosho ulikuwa unaanza na mwanamke mmoja alikuwa amekuja nalo. Tulilitua kwenye benchi kati yetu, Mzee Faraji huku, mimi kule. Alikuwa mkweli. "Mimi najua kujaza rangi isiwe na madoa, mwanangu. Kuchora kitu kikasimama kama chenyewe sijawahi. Tujaribu sote."

Bibo langu la kwanza lilikuwa kama kiatu. Lake lilikuwa kama kiatu cha mtu tajiri, maana alilijaza nyekundu kwa nguvu, ikang'aa, lakini ilikuwa nyekundu tupu. Tulilitazama bibo lenyewe tukatazama karatasi. Kwenye bibo nyekundu ilikuwa inatoka ndani, na chini yake kulikuwa na mwanga. Kwenye karatasi nyekundu ilikuwa imelala juu kama rangi ya mlango.

Hapo nikakumbuka ukindu wangu. "Mzee," nikasema, "sisi tukitaka nyekundu ya moto, hatuanzi na nyekundu. Tunauchemsha ukindu kwenye manjano kwanza, ukauke, ndipo tunautia nyekundu. Ukianza na nyekundu peke yake, inakufa mapema."

Akaisukuma kalamu ya njano upande wangu. Kisha akasema, "Basi tia manjano kwanza."

Nikasugua njano bibo zima, nikaacha doa moja la karatasi tupu pale palipong'aa. Kisha nikapitisha nyekundu juu yake, nyepesi, upande mmoja tu. Nikairudia tena kwa kukingamisha mistari, kama mtu anayesuka, moja inakwenda na nyingine inakatiza. Rangi zile mbili hazikupigana. Zilikaa pamoja zikazaa ya tatu ambayo haikuwamo kwenye kopo.

Mzee Faraji alijaribu vilevile na kwake haikukubali, kwa sababu alikuwa ameshajaza karatasi kwa nguvu. "Karatasi ina meno," akaniambia, na akanipitishia kidole juu ya karatasi nisikie ukwaruzo. "Ukiyaziba yote kwa rangi ya kwanza, ya pili haina pa kung'ata. Mimi mkono wangu umezoea ramani, unakandamiza. Wako hauna nguvu ya kukandamiza. Unajua una bahati?"

Nilitaka kumrushia kalamu. Lakini alisema kweli. Udhaifu niliokuwa naulilia ndio uliokuwa unapaka rangi kama pumzi. Kila siku, baada ya kitambaa kuvutwa na machozi kufutwa, nilikaa nikatia tabaka juu ya tabaka: njano, nyekundu, njano tena, kisha kijani kidogo sana upande wa kivuli. Mwanzo nilikuwa natia nyeusi kwenye kivuli, na kila nilipotia nyeusi tunda lilionekana limeoza. Nyekundu ikipitishiwa kijani hafifu inatulia, inaingia gizani bila kufa. Njano inatulizwa na zambarau. Hilo hatukufundishwa na mtu. Tulilipata kwa kuharibu karatasi.

Kopo lile halikuwa na kahawia. Ilikuwa imekwishia kwenye vilima vya Matumbi, alisema Mzee Faraji, maana kwenye ramani vilima hupakwa kahawia na Matumbi ni vilima vitupu. Kwa hiyo siku mwanamke mmoja kutoka bara alipokuja barazani na ng'oko, kile kiazi chembamba cha porini kilichowaweka watu hai mwaka ule, ilibidi kahawia tuitengeneze. Mwanamke yule aliitwa Nambonde, alikuwa na kidonda mguuni. Nilimwomba aniazime ng'oko yake.

"Utairudisha?" akauliza.

"Nitairudisha."

"Maana ndiyo chakula changu cha leo."

Akakaa karibu yangu asinibandue macho. Nikatia njano, nikatia nyekundu, nikapitisha kijani, nikarudia nyekundu, na pale mzizi ulipokunjamana nikagusa buluu. Kahawia ikatoka, tena si moja, kahawia za kila namna, ya udongo mkavu na ya udongo mbichi. Nambonde aliinama akatazama karatasi, akatazama kiazi chake, akakichukua haraka. "Nisije nikala hiyo ya karatasi," akasema, na benchi zima likacheka, na wenye vidonda vya mbavu wakatuomba tuache. Alipomenya ng'oko yake alinikatia kipande. Mwaka ule, kukatiwa kipande cha ng'oko lilikuwa jambo kubwa.

Sasa nikwambie la Abdalla. Alirudi kutoka Miteja siku moja akapita hospitali kunichukua, akanikuta nimeinama juu ya karatasi na Mzee Faraji ananionyesha kitu kwa ncha ya fimbo yake. Njia nzima alitangulia mbele. Tulipofika uani akasema, "Watu wanasema mke wangu haendi kufungwa kidonda. Anakwenda kukaa barazani na mwanamume wa Lindi."

"Mzee yule ni sawa na baba yangu."

"Nami nimekwenda kwa miguu mpaka Miteja kutafuta mtama, Somoe. Nimerudi na kibaba. Wewe unachora matunda!"

Nilikuwa na majibu mengi na yote yalikuwa makali. Badala yake nikachukua kipande cha mkaa mekoni, nikakishika kwa mkono wa kulia, bila bendeji, bila kusaidiwa na kushoto. Nikakiinua mbele ya uso wake. "Baba Sikitu, kipupwe mkono huu haukuweza hivi. Tazama vidole. Ndicho ninachokwenda kukitafuta."

Akavitazama. Akavigusa kimoja kimoja, akavinyoosha, akaona vinanyooka zaidi kuliko alivyovijua. Alikaa chini kwenye kizingiti akajifunika uso kwa kofia yake. Tangu siku ile, akienda shamba za watu, alikuwa akirudi na kitu mfukoni: limau lenye jani lake, bilinganya dogo, kifuu cha nazi. Akiviweka mbele yangu anasema tu, "Kazi hiyo."

Bi Mafunda hakuridhika. Alisema picha ni haramu, na malaika hawaingii penye picha, na nyumba yenye mgonjwa inawahitaji malaika. Jambo lile lilinitia hofu hata mimi. Akaenda mwenyewe kumwuliza mwalimu wa chuo cha Kurani alikosoma Abdalla. Akarudi uso umekunjamana.

"Anasema kisicho na roho hakina neno," akasema. "Tunda halina roho. Mti hauna. Bakuli halina." Kisha, kwa kuwa hakutaka kushindwa kabisa, akaongeza, "Lakini samaki usichore!"

"Hata aliyekaangwa, mama?"

"Hata aliyekaangwa. Usinijaribu."

Ndiyo maana katika picha zangu zote hakuna samaki mpaka leo.

Vuli ilipoanza, mambo yaligeuka. Homa ilinirudia ghafla, mkono ukavimba chini kidogo ya tundu la kwanza. Nililala wodini nikisikia mvua inavyopiga bati, na vidole vikarudi kujikunja mbele ya macho yangu. Daktari akasema maneno yaleyale, akaweka kidole palepale juu ya kiwiko. Nilimwomba afungue mara moja zaidi. Alivuta pumzi puani. "Mara moja," akasema. "Nikikuta vibaya, utaamka bila mkono. Unakubali?"

Nilikubali. Kabla ya kunivutisha dawa niliutazama mkono ule nikausemesha kimoyomoyo, nikaushukuru kwa misala yote.

Niliamka nao. Kipande kilichotolewa safari hii kilikuwa kidogo kama kokwa la ubuyu. Mabruki alikileta mwenyewe mbio, beseni linamwagika. "Daktari anasema chini yake mfupa ni mzima! Mzima, mama Sikitu! Unavuja damu nzuri!" Sijawahi kumwona mtu akifurahia damu hivyo.

Mzee Faraji aliondoka kaskazi ilipoanza. Wapima ardhi walikuwa wamemtaka Lindi, na mguu wake ulikuwa umepona akawa anachechemea tu. Alikuja upande wa wanawake kuaga, akabaki nje ya nguzo kwa adabu, akalitua kopo kwenye benchi.

"Mimi nitapewa jingine," akasema. "Hili limezoea mkono wako."

"Baba, nitakulipaje?"

"Siku moja chora kitu, kalamu nyeupe uitie mwisho, uikandamize kwa nguvu zako zote. Rangi za chini zitayeyukiana, hutaona tena mstari wala meno ya karatasi. Mimi hilo nalijua muda wote. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa huna nguvu, na ungejaribu ungelia. Ukiweza hilo, jua umepona."

Kaskazi nzima niliijaribu nyeupe ile. Nilikuwa naikandamiza, maumivu yanapanda mpaka begani, rangi haisogei. Nilikuwa naiweka chini, napaka tabaka nyepesi, napumzika. Kidonda nacho kilikuwa kinafanya kazi yake ya polepole. Kitambaa kilichokuwa kikiingia urefu wa kidole sasa kiliingia nusu, kisha ncha tu. Sikitu akaanza kunikaribia. Mwanzo alikuja kwa ajili ya kopo, kugusa kalamu na kuuliza hii nini na hii nini. Kisha siku moja alipanda akalala pajani kwangu, akanusa mkono, akasema, "Haunuki." Akalala usingizi palepale. Miguu ilikufa ganzi nami sikujisogeza.

Masika yaliporudi, Abdalla alileta malimau. Nililikata moja, nikaliweka kwenye sahani nyeupe ya Kichina iliyokuwa na ufa, nusu moja imelala, nusu nyingine inatazama juu. Nilitia njano kila mahali, kisha kijani kwenye ganda kwa miduara midogo midogo, nikaacha vitundu vya njano vichungulie kama vilivyo kwenye ganda la limau. Kwenye sahani chini ya tunda kivuli kilikuwa cha buluu na zambarau, na pembeni yake kijani kidogo, kwa sababu nilipotazama sana niliona sahani inaiga limau. Vijumba vya ndani vya limau nilivipaka kimoja kimoja. Kisha nikaishika nyeupe. Haikuwa na bendeji, nilikuwa nimekwisha kuivua. Nikakandamiza.

Rangi zikasogea. Nilizihisi chini ya kalamu zikilainika, njano ikiingia kwenye kijani, mistari ikipotea, ukwaruzo wa karatasi ukinyamaza. Nyama ya limau ikang'aa kama imetoka kukatwa. Nikakandamiza tena na tena mpaka jasho likadondoka, na mkono ulikuwa unaniuma, lakini yalikuwa maumivu ya kazi. Nilikuwa nimeyasahau. Yalikuja kama mgeni mpendwa.

Bi Mafunda alipita na ungo. Akasimama. Nikamwona anameza mate, mara ya kwanza, mara ya pili, mdomo umemkunjamana, jicho moja limefumba.

"Ondoa kitu hicho," akasema. "Meno yote yananikaza."

"Ni karatasi, mama."

"Najua ni karatasi!" Akafuta mdomo kwa upindo wa kanga, akaenda mpaka mlangoni, akarudi kutazama tena, akameza tena mate.

Wiki ileile Mabruki alifungua bendeji, akakuta ngozi. Alikwenda kumwita daktari. Daktari akakunja mkono wangu, akaukunjua, akanipa vidole vyake nivibane. Nikavibana. Akasema kitu kwa Kidachi na akavitikisa vidole vyake, na Mabruki akacheka akafasiri: "Anasema inatosha, mwachie." Mkono wangu umepinda kidogo, na kovu lake limezama kama mtaro. Ni mkono mzima. Nasuka, japo polepole. Nachora kila kisicho na roho.

Wewe uliyelala kitandani sasa hivi, sikuahidi kwamba mkono wako utabaki. Niliona barazani waliokatwa wakaishi, na niliona waliokataa wakafa, na siwezi kukuamulia. Ninakwambia hivi: uliza kabla ya kukubali, na kubali kabla hujachelewa. Mtafutie mkono wako kazi nyepesi mapema, hata kama wanakucheka. Wanaokufunga vidonda uwaombe radhi kila jioni. Na siku ukiona hakuna lililosogea, kumbuka tabaka la kwanza halionekani, ila bila hilo la pili halishiki.

Idi iliyofuata nyumba yetu ilijaa. Mvua zilikuwa zimekubali, mtama ulikuwapo, na ndugu zangu walikuwa wamekuja kutoka Kisiwani. Mekoni wanawake walikuwa wakigombea nafasi. Nikaivuta mbuzi ya nazi, nikaikalia, nikachukua nazi kwa mkono wa kulia nikaanza kukuna. Mazungumzo yakapungua. Nilijua wananitazama. Tui halitaki huruma, linataka nguvu ya kifundo cha mkono, na kifundo changu kilikuwa kinageuka, kinageuka, nazi nyeupe inaanguka kwenye sinia. Nilipomaliza nikakiweka kifuu chini, nikapumua, nikangoja mtu aseme pole, au aseme pumzika.

Bi Mafunda alikuwa ameinama kwenye chungu. Hakugeuka. Alinyoosha tu mkono nyuma, akachukua nazi nyingine, akaibingirisha mpaka ikagonga mguu wangu.

"Ikune na hii nzima," akasema. "Wageni wengi."